Kishawishi huja na jina zuri: Maisha ya Karoli Lwanga

Kila mwaka, mwezi wa Mei unapoelekea ukingoni, barabara itokayo Webuye kupitia Bungoma hadi Malaba hupata wasafiri wa namna ya pekee. Hawapandi matatu wala hawasimamishi bodaboda. Wanatembea. Wengine wametoka Kitale, wengine wameungana nao njiani, na wote wanaelekea Namugongo, nje kidogo ya jiji la Kampala, ili wafike kabla ya sikukuu ya Juni 3. Ukiwatazama utaona wazee wachache wenye rozari shingoni, akina mama waliojifunga leso viunoni, na vijana wengi, baadhi yao wamevua viatu kwa sababu ya malengelenge.

Kwa miaka mingi nimewaona mahujaji hao wakipita na sikujiuliza mengi. Kilichonifanya niwafikirie upya ni kikaratasi kimoja kidogo.

Hivi karibuni nilialikwa na walimu wa shule moja ya sekondari, si mbali na mji wa Kitale, nizungumze na wanafunzi kuhusu uteuzi wa maneno katika insha. Baada ya mazungumzo wanafunzi waliandika maswali katika vikaratasi, bila majina. Mengi yalihusu ngeli na uakifishaji, nami niliyajibu kwa furaha. Kimoja hakikuhusu sarufi hata kidogo. Mwandishi wake aliuliza ni vipi Mkristo kijana atakitambua kishawishi, na atakishindaje, iwapo anayemshawishi ni yule yule anayemlipia karo. Ukumbi ulinyamaza. Nami, kwa haraka ya mtu anayetaka kuondoka kabla ya mvua, nilijibu kwamba asali sana na awe na msimamo. Walimu walipiga makofi. Njiani kuelekea Bungoma niliona haya. Lile halikuwa jibu. Lilikuwa njia yangu ya kukimbia swali, na makala haya ni deni ninalolilipa.

Mtu wa isimu akikwama hurudi kwenye maneno. Wakristo wa nchi hii wana sala moja waliyofundishwa na Bwana wao, lakini katika ombi lile la karibu na mwisho hawatumii neno moja. Wakatoliki hutaja kishawishi. Waprotestanti hutaja majaribu. Maneno yote mawili tuliyapata kutoka Kiarabu, ila hayakuja na mzigo mmoja. Kujaribu ni kupima, kama fundi anavyoipima kamba kabla ya kuiamini. Kushawishi, katika asili yake, ni kuvuruga na kuchanganya. Kwa hiyo jaribu laweza kumjia mtu peupe, kama moto, naye akajua kuwa ni moto. Kishawishi hakiji hivyo. Huanza kwa kuyavuruga maji, hata mtu asiweze kuona jambo lililo mbele yake linaitwaje.

Tazama jinsi sisi wenyewe tunavyoyavuruga maji hayo. Mwanafunzi hasemi kuwa anaiba mtihani. Anasema ana mwakenya. Jina hilo lilikuwa la vuguvugu la siri la kisiasa katika miaka ya 1980, kisha likashuka hadi kwenye kikaratasi kinachofichwa katika soksi. Karani hadai rushwa, anaomba chai. Mtu mzima anayemwinda binti wa shule haitwi mwindaji, anaitwa sponsa. Jina likishapendeza, kazi ya kishawishi imekwisha nusu. Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga, na mara nyingi tumekishonea nguo hiyo sisi wenyewe.

Nikiwa na fikira hizo nilirudi kwa kijana ambaye mahujaji wetu huenda kumkumbuka. Jina lake ni Karoli Lwanga. Wengi wetu tunalijua kutokana na vibao vya makanisa na shule, lakini tunamjua zaidi kwa kifo chake kuliko kwa maisha yake. Nadhani jibu la kile kikaratasi limo katika maisha.

Lwanga alizaliwa yapata mwaka 1860 katika ufalme wa Buganda, akakulia katika jimbo la Buddu. Wakati huo Kabaka Mutesa wa Kwanza alikuwa ameanza kuwakaribisha wageni wa dini. Uislamu ulikuwapo tayari, ukiwa umeletwa na wafanyabiashara kutoka pwani. Wamisionari wa Kianglikana wakaingia mwaka 1877, na mwaka 1879 wakafuatwa na wamisionari wa Kikatoliki, miongoni mwao Simeon Lourdel, Mfaransa ambaye Waganda walimwita Mapeera, wakiigeuza kwa ulimi wao namna Wafaransa wanavyomwita padri. Dini tatu zikawa zinashindania sikio la mfalme mmoja.

Mwaka 1882 mapadre waliondoka Buganda, wakaenda kusini ya ziwa, na hawakurudi hadi mwaka 1885. Kwa muda wa karibu miaka mitatu Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padri hata mmoja. Waliobaki walikuwa walei, wengi wao vijana, na ndio waliofundishana katekisimu, wakawaongoza wakatekumeni na kuitunza imani wasije wakaisahau. Lwanga alianza kujifunza dini katika kipindi hicho. Hakufundishwa kumtegemea mzungu mwenye ndevu awepo ndipo atende mema. Alijifunza kwa wenziwe, tena katika nyumba za kawaida. Tusiisahau nukta hii, kwa maana tutairudia.

Mutesa alifariki mwezi wa Oktoba mwaka 1884. Mwanawe Mwanga, kijana wa miaka yapata 16, akatawazwa kuwa Kabaka. Lwanga aliingia katika utumishi wa kasri mwaka huo huo. Alikuwa mkubwa kwa mfalme kwa miaka michache tu. Inasimuliwa kwamba alikuwa mwenye umbo zuri na hodari wa mieleka, na kwamba Mwanga mwenyewe alipendezwa naye. Aliwekwa miongoni mwa wale ambao Waganda waliwaita bagalagala, yaani wavulana na vijana wahudumu wa kasri. Huko ndiko wazazi walikotamani wana wao wapelekwe. Mvulana aliyependwa na Kabaka angeweza kuwa chifu, akapewa ardhi na watu. Chakula chake, nguo zake, mustakabali wake na hata uhai wake vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja.

Naam, hapo ndipo tunapolikuta swali la mwanafunzi wetu. Kabaka ndiye aliyekuwa mlipa karo.

Mwanga alikuwa akiwataka baadhi ya wavulana wake kwa matendo ya kimwili ambayo imani yao mpya iliyakataza. Katika kasri jambo hilo halikuitwa kwa jina lake. Liliitwa utii. Aliyekataa hakuhesabiwa kuwa mwema bali mwasi. Ni haki kuongeza kwamba wanahistoria wametaja sababu nyingine pia za hasira ya Mwanga. Mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi za pwani na bara, na mfalme kijana aliogopa kwamba hawa wasomaji wa vitabu, kama walivyoitwa, walikuwa wakijifunza kumtii bwana mwingine. Hofu yake ya siasa haikuwa ya kubuni, kwani miaka michache baadaye nchi yake ilitwaliwa kweli. Lakini hofu ya haki haimpi mtu haki ya kuwadhulumu wavulana walio mikononi mwake.

Kiongozi wa Wakristo wa Kikatoliki katika kasri alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa karibu sana wa Kabaka. Yeye alifanya mambo mawili. Aliwaficha wavulana wadogo wasiwe karibu wakati Kabaka alipowataka kwa ubaya, na alimwambia Kabaka ukweli uso kwa uso. Mwezi wa Oktoba mwaka 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa la Kianglikana, akiwa njiani kwenda Buganda, aliuacha sehemu kubwa ya msafara wake mahali ambapo leo tunapaita Mumias, si mbali na Bungoma yetu, akaendelea na watu wachache hadi Busoga. Huko aliuawa kwa amri ya Mwanga tarehe 29 ya mwezi huo. Mukasa alimlaumu mfalme kwa kitendo hicho. Tarehe 15 Novemba mwaka 1885 Mukasa naye aliuawa.

Hebu tufikiri alichokifanya Mwanga siku ile. Alikuwa na mtu mmoja aliyeweza kumwambia hapana, naye akamwondoa. Tangu siku hiyo waliomzunguka walikuwa ni wale wa kumsifu na kumchochea. Mara nyingi tunamsimulia Mwanga kama jitu la hadithi. Alikuwa kijana, na vishawishi vya madaraka vilimjia kama vinavyomjia kiranja yeyote aliyepewa fimbo. Tofauti yake na Lwanga haikuwa kwamba mmoja alishawishiwa na mwingine hakushawishiwa. Ni kwamba mmoja aliwaua marafiki waliomwonya na mwingine aliwatafuta.

Jioni ya siku ile ile aliyouawa Mukasa, Lwanga, ambaye hadi hapo alikuwa mkatekumeni tu, alikwenda kwa mapadre akabatizwa pamoja na wengine. Mtu mwenye kutafuta usalama angengoja upepo upungue. Yeye aliona kwamba kiti cha ulinzi kimebaki kitupu, na kwamba usiku huo huo kuna watoto wasio na mlezi. Akakikalia.

Kuanzia hapo hadi mwisho wa mwezi wa Mei mwaka 1886 ni miezi sita na kitu. Hii ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo husimuliwa kwa sentensi moja, nami naiona kuwa kiini cha yote. Mwezi wa Februari kasri la Mengo liliungua moto, na Kabaka akahamia Munyonyo, kando ya ziwa. Kazi za kila siku ziliendelea, nayo sauti ya mfalme ilisikika kila siku. Lwanga hakuwaita wavulana akawahutubia kuhusu ujasiri kisha akawaacha. Alikaa nao. Aliwafundisha, akahakikisha wadogo hawabaki peke yao, na alipojua kuwa mfalme anamtaka mmoja wao kwa ubaya, alifanya mvulana yule asionekane. Wakati huo huo hakuacha kumtumikia Mwanga katika kila jambo la halali. Hakuchochea uasi wala hakutoroka na wavulana. Alijua kwa usahihi ni lipi la Kabaka na ni lipi si la Kabaka. Kazi ilikuwa ya Kabaka. Heshima pia. Miili ya watoto na dhamiri zao hazikuwa zake.

Kwa mtazamo wangu hii ndiyo maana ya kutambua kishawishi. Anayekulisha ana haki ya kukudai shukrani, nidhamu na bidii. Akidai zaidi ya hayo, akataka ulipe kwa kitu ambacho si chake kukidai, kile chakula kimebadilika kikawa chambo. Jina la utii halikibadilishi.

Siku ilifika. Tarehe 25 Mei mwaka 1886 Mwanga alirudi kutoka mawindoni bila mnyama, akawakosa wahudumu wake. Alipouliza, aliambiwa kwamba Dionisi Ssebuggwawo alikuwa na Mwafu, mwana wa Katikkiro, yaani waziri mkuu, akimfundisha dini. Mfalme alimchoma Ssebuggwawo kwa mkuki, na kijana huyo akamaliziwa baadaye na wauaji. Malango yakafungwa. Usiku ule Lwanga aliwakusanya vijana wake, wakasali, naye akawabatiza wale waliokuwa bado wakatekumeni, miongoni mwao Kizito, aliyekuwa na umri wa miaka yapata 14, na Mbaga Tuzinde.

Asubuhi yake Kabaka aliamuru wanaosali wajitenge na wasiosali. Lwanga alitangulia kutoka, na wengine wakamfuata. Inasimuliwa kwamba alimshika Kizito mkono. Laiti wachoraji wetu wangeichora picha hiyo mara nyingi zaidi kuliko picha ya moto! Mtoto yule hakuvuka uwanja ule kwa nguvu za peke yake. Alivuka akiwa ameshikwa mkono na mtu ambaye, kwa miezi sita, alikuwa amemthibitishia kwamba hatamwachilia.

Hukumu ilikuwa kuchomwa moto Namugongo. Walitembezwa wakiwa wamefungwa, na baadhi ya Wakristo waliuawa njiani. Walipofika waliwekwa kizuizini kwa muda wa karibu wiki moja huku kuni zikikusanywa. Nafikiri siku zile za kungoja zilikuwa ngumu kuliko ile ya hukumu. Mbele ya mfalme kulikuwa na umati na damu iliyochemka. Kizuizini kulikuwa na njaa na kamba, na fikira za usiku. Neno moja la kuikana imani lingeweza kuwafungulia mlango.

Kwa Mbaga Tuzinde kishawishi kilikuja kwa sura nyingine kabisa. Mukajanga, mkuu wa wauaji, alikuwa mlezi aliyemchukua kama mwanawe. Jamaa walimlilia, wakamsihi aseme tu kwamba hatasali tena, au akubali kufichwa. Hawa hawakuwa watu waovu. Walimpenda. Kijana anaweza kuusimamia ubabe wa mfalme, akaanguka mbele ya machozi ya nyumbani. Mbaga hakuwatukana wala hakuwachukia. Alikataa tu, akarudi kwa wenziwe. Mukajanga, kwa kumwonea huruma, aliagiza apigwe shingoni afe kwanza, ndipo mwili wake utiwe motoni.

Tarehe 3 Juni mwaka 1886, siku ya Sikukuu ya Kupaa Bwana, hukumu ilitekelezwa. Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, kwa moto wa polepole. Wengine, Wakatoliki na Waanglikana, walifungwa katika matete wakateketezwa pamoja. Vijana watatu, Simeoni Ssebuta, Dionisi Kamyuka na Karoli Werabe, waliachwa hai siku ile, na baadaye ushuhuda wao ndio uliosaidia kanisa kujua yaliyotokea. Kati ya mwaka 1885 na 1887 waliouawa na kuhesabiwa kuwa mashahidi ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wale wa Kikatoliki walitangazwa wenye heri mwaka 1920, na tarehe 18 Oktoba mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita akawatangaza watakatifu. Miaka mitano baadaye Papa huyo alizuru Uganda, akiwa Papa wa kwanza kukanyaga Afrika akiwa madarakani.

Msomaji wa Bungoma au Kitale asidhani kwamba hii ni hadithi ya watu wengine. Hadi mwaka 1902 nchi hizi zetu za magharibi zilihesabiwa kuwa sehemu ya himaya ya Uganda, na mapadre wa Mill Hill waliofungua misheni ya Mumias mwaka 1904 walitokea upande huo huo. Dini iliyozaa majimbo ya Kikatoliki ya Bungoma mwaka 1987 na Kitale mwaka 1998 ilipitia katika nchi iliyomwagika damu ya vijana hawa. Mahujaji wetu hurudi kwenye chemchemi yao.

Sasa nirudi kwenye kikaratasi.

Kosa langu siku ile lilikuwa kosa la mtaalamu wa lugha anayeshindwa kutenganisha maneno. Mwanafunzi alitumia neno kishawishi, nami nikalichukua kama lilivyo. Yafaa tutofautishe. Rafiki akikuonyesha mwakenya usiku wa kuamkia mtihani, nawe unautamani kwa sababu hukusoma, hicho ni kishawishi, maana ndani yako mna kitu kinachoitikia. Hapo dawa ni kukiita wizi kwa jina lake, na kuketi karibu na wenzako watakaokusaidia kusoma wiki zilizobaki. Ukidhihakiwa au kutengwa kwa sababu umekataa, hilo ni jaribu. Unapimwa, nawe utapita. Lakini mtu mzima akikuambia kwamba bila mwili wako hakuna karo, hicho si kishawishi chako. Ni dhuluma yake. Usiingie kwenye toba kwa ajili ya dhambi ya mtu mwingine.

Tofauti hii ina uzito mkubwa kwa vijana wanaosali. Nimewahi kuwasikia wahubiri wakiwasimulia watoto habari za Kizito kana kwamba kinachotakiwa ni mtoto kuwa mgumu kama jiwe mbele ya mtu mwenye nguvu, na akishindwa, lawama ni yake. Huko ni kuipindua hadithi. Lwanga hakumwambia Kizito ajilinde. Alimlinda. Alimwondoa mahali pa hatari, akamweka kati ya wenzake, akalibeba mwenyewe lile gadhabu la mfalme. Kizito alitoa ushahidi wake mwishoni kwa sababu kabla ya hapo palikuwa na mtu mzima aliyetimiza wajibu wake.

Kwa hiyo swali la kikaratasi lina nusu mbili, na nusu moja ni yetu sisi walimu. Katika shule zetu ni nani aliyekikalia kiti cha Yosefu Mukasa? Je, mwanafunzi wa bweni ajua mlango atakaoubisha usiku akiogopa? Tunapomwona binti ana simu mpya na mzazi wake ni kibarua katika mashamba ya mahindi, je, twamuuliza kwa upole, au twamsema katika chumba cha walimu? Na mwenzetu wa kazi akiwa ndiye Mwanga, je, twamficha kwa jina zuri la kulinda sifa ya shule? Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 inamtambua kama mkosaji yule anayeitumia nafasi yake ya kuaminiwa kumnajisi aliye chini ya ulinzi wake. Jambo hili halihitaji mieleka ya Lwanga. Linahitaji mtu mmoja mzima asiyekubali kuvurugwa na majina.

Kwako wewe uliyeandika, popote ulipo kati ya Kitale na Bungoma, jibu langu la pili ni hili. Kwanza, umekwisha kulitambua jambo lenyewe, la sivyo usingeuliza. Ile hofu iliyokufanya usiandike jina lako ni ushahidi wa kutosha. Pili, usibaki nalo peke yako hata kwa siku moja zaidi. Mtafute mwalimu unayemwamini, au shangazi, au padri, au mchungaji, au mzazi wa rafiki yako. Wa kwanza akikupuuza, nenda kwa wa pili. Ipo pia nambari ya simu 116, ya kuwasaidia watoto nchini, ambayo hailipishwi. Karo ni jambo zito, sitakudanganya. Lakini karo huweza kutafutwa kwingine, kwa basari, kwa harambee ya kanisa, hata kwa kuchelewa mwaka mmoja. Wengi tuliokaa katika vyuo vikuu tulichelewa mwaka, na hakuna anayeuhesabu leo. Tatu, sala uliyofundishwa utotoni haimwombi Mungu akufanye jiwe. Inaomba usiingizwe mahali hapo. Kukwepa si woga. Lwanga aliwafanya wavulana wake wasionekane mara nyingi kabla ya siku moja tu ambayo hapakuwa na pa kujificha.

Na Mwanga je? Aliondolewa katika kiti chake mwaka 1888, akakirudia mwaka uliofuata, akapigana na Waingereza akashindwa, na mwaka 1899 akapelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli. Huko, mbali na kasri na wote waliokuwa wakimsifu, alibatizwa katika Kanisa la Kianglikana akaitwa Danieri. Alifariki mwaka 1903. Mimi si mwanateolojia, sina la kusema kuhusu hesabu yake na Mungu wake. Naona tu kwamba imani aliyoitesa ilimfikia pia, alipokuwa hana tena cha kumpa mtu wala cha kumtisha nacho.

Mwezi wa Mei ujao mahujaji watapita tena. Ukiwa kando ya barabara pale Bungoma, wape maji. Na ukimwona kijana mkubwa amemshika mdogo mkono ili asikanyagwe na malori yaendayo Malaba, ujue umeuona mwanzo wa hadithi nzima.